Nani Aliisimamisha Baiskeli

Swali lililoninyima usingizi majira yale yote ya baridi halikuwa kama nitapona. Madaktari walikwisha kuniambia nitapona, na ingawa mimi ni mtu wa kuuliza jambo moja mara nyingi, kwa hilo niliwaamini. Nililala macho wazi nikimsikiliza mume wangu akikoroma kando yangu, nikijiuliza: siku ya shukrani, tutakaposimama mbele ya kanisa na nguo zetu za kufanana, naye aseme tena kwamba ndiye aliyeisimamisha baiskeli, nitanyamaza au nitasema?

Nikinyamaza, nitakuwa nimepona nusu. Nikisema, nitamwanika mbele ya watu ambao wengi wao ni wauguzi kama yeye, wanaopokezana naye zamu. Nilipima huku na huku, na kila nilipopima, upande wa kusema ulikuwa na utamu niliouonea haya. Nilitaka kulipiza. Natangulia kulisema hilo ili msomaji asidhani huu ni ushuhuda wa mtu mpole.

Jina langu ni Kemunto. Nilimaliza chuo kikuu hapa Minnesota nikiwa na digrii ya takwimu na hofu ya karibu kila kitu. Nilipokuwa natafuta kazi inayolingana na digrii, nilifanya kazi katika ghala huko Shakopee, nikitembea kati ya rafu zamu nzima na kuwaza. Mtu wa takwimu anajua kwamba jambo baya lenye nafasi ndogo ya kutokea bado lina nafasi. Wakati wa mitihani ya mwisho niliwahi kujipeleka kliniki nikiamini nina uvimbe kwenye ubongo. Nilichohitaji kilikuwa miwani. Mume wangu aliisimulia hadithi hiyo kwenye harusi yetu, ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka pia. Ikumbukeni miwani hiyo.

Mume wangu anaitwa Nyabuto. Ni muuguzi katika nyumba ya wazee Saint Paul. Huko alimhudumia mzee mmoja mgane ambaye zamani alikuwa akizunguka Ulaya na mkewe kwa baiskeli ya watu wawili. Mke alikufa, magoti ya mzee yakakataa, na baiskeli ikabaki imening'inia gerejini. Nyabuto alipomwambia kwamba anaoa, mzee akampa ile baiskeli. Aliomba jambo moja tu, kwamba isiendelee kuning'inia. Akatueleza njia waliyoipenda kuliko zote: kufuata mto Danube kutoka unapoanzia Ujerumani, kupita Austria, hadi Budapest.

Niieleze baiskeli yenyewe, maana bila hivyo hamtanielewa. Wa mbele ana usukani, gia na breki. Wa nyuma ana vishikio tu, visivyogeuka wala kufanya lolote, na mbele yake kuna mgongo wa mwenzake. Pedali zote nne zimeunganishwa kwa mnyororo. Wa mbele akikanyaga, miguu ya wa nyuma inazunguka, itake isitake. Nyabuto alikaa mbele kwa sababu ana miguu mirefu, na kwa sababu hakuna aliyefikiria vinginevyo. Hata mimi ninayefikiria kila kitu sikulifikiria hilo. Tulifanya mazoezi kando ya Mississippi, kutoka Saint Paul hadi Minneapolis na kurudi, nami nilikuwa nikiuliza tumefika wapi, kuna gari, kuna kona. Alikuwa akijibu bila kugeuka, "Wewe kanyaga tu."

Watu wa kanisa letu walituona wehu. Shangazi yake Nyabuto, Shangazi Bosibori, ni mwenyekiti wa akina mama na muuguzi wa miaka mingi, na ndiye aliyemleta Nyabuto Amerika. Alituita kwake Eagan, mji tunaoishi sisi pia, akatukaribisha chai, akasema, "Babu yenu alisukuma ndizi kwa baiskeli mpaka soko la Keroka, mlima wote ule. Tukasoma ili tuachane na baiskeli. Sasa nyinyi mnapanda ndege kuifuata." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nilimpenda sana siku hiyo. Sitaki isemwe kwamba nilianza na chuki.

Kabla ya harusi nilianza kumeza vidonge vya kupanga uzazi, kwa kuwa hatukutaka mtoto mwaka wa kwanza. Mimi husoma zile karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi la dawa, zote, hadi maandishi madogo kabisa. Iliandikwa kwamba kwa wanawake wachache damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya mguu. Nikamwonyesha Nyabuto. Akasema wanaandika hivyo wasije wakashtakiwa. Kisha tukapanda ndege, Nyabuto akapewa kiti cha mbali, nami nikakaa dirishani, na kati yangu na njia kulikuwa na watu wawili nisiowajua, wamelala. Nilitaka kwenda kunyoosha miguu. Nilifikiria jinsi ya kuwaomba wanipishe, maneno gani nitumie, nianze na yupi, mpaka ndege ikatua Amsterdam.

Siku za kwanza kando ya Danube nilikuwa na furaha ambayo bado naikumbuka mwilini. Mto ni mwembamba kule unakoanzia, unaweza kumsalimia mtu aliye ng'ambo. Tulilala kwenye hema, tukala mkate na jibini juu ya madaraja. Nilikunywa maji kidogo mno, kwa sababu sikupenda kuchutama kichakani kila mara. Nasema wazi ili mwingine ajifunze.

Mguu ulianza tulipokaribia Regensburg. Nilihisi kama mkazo wa misuli kwenye shavu la mguu wa kushoto, chini ya goti. Kesho yake haukuachia. Ukawa mzito, wa moto ukiugusa, na ngozi ikavutika hadi ikang'aa. Jioni nikivua soksi, alama yake ilibaki imezama kama kidole kwenye unga uliokandwa. Rangi ikaanza kwenda kwenye zambarau. Kwenye hema nilivua kamba ya kiatu changu nikaizungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, nikashika pale ncha ilipofika. Nikaizungusha kushoto. Haikufika.

Nikamwonyesha Nyabuto. Akauangalia mguu, kisha akaniangalia mimi, na kabla hajafungua mdomo niliiona ile miwani machoni pake.

"Kemu," akasema, "umekanyaga baiskeli Ujerumani nusu nzima. Ulitaka mguu ucheke?"

Nikamkumbusha ile karatasi ya dawa. Nikasema tutafute daktari katika mji unaofuata. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio uliniudhi baadaye kuliko ukali, "Mimi ni nesi. Unataka nesi gani mwingine?"

Hata hivyo aliupiga mguu picha, akaituma kwenye kundi la simu la kanisa letu. Ninyi mnaotufahamu mnajua. Wakenya wa huku, ukirusha jiwe unampata muuguzi. Majibu yalimiminika. Mmoja alisema ni misuli. Mwingine alisema nile ndizi, nimepungukiwa na madini. Wa tatu akasema ni baridi ya kulala chini. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza napumuaje, na hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kumpa mgonjwa wa kazini jibu la namna hiyo kwa kutazama picha. Lakini kwa mtu wa nyumbani uuguzi huwekwa kando, tunarudia ya jikoni. Mwishowe Shangazi Bosibori akatuma sauti yake, kila mtu akaisikia: "Kemunto, mama, mguu wa bibi harusi lazima uume. Nyabuto, chemsha maji, umkande. Mkande kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu, mpaka kile kitu kiachie."

Basi nikakandwa. Nyabuto alichemsha maji kwenye jiko letu dogo la gesi, akachukua dawa ya kuchua ambayo kila Mkenya hubeba akisafiri, akaukanda mguu wangu kwa mikono yake miwili, kutoka chini kwenda juu. Uliuma hadi nikang'ata mkono wa koti. Aliniimbia ili nisahau. Jioni iliyofuata akafanya tena, na iliyofuata tena. Mchana alikuwa akikanyaga, na mguu wangu ukizunguka kwa sababu wa kwake ulizunguka. Nikiipumzisha miguu, pedali zilikuwa nzito kwake, akahisi, akasema, "Nyuma huko, mmelala?"

Tulivuka Passau, tukaingia Austria. Milima inausogelea mto pale, njia inapita chini ya miti ukingoni. Asubuhi ile niliamka na kisu ubavuni upande wa kulia. Nikivuta pumzi, kinachoma. Nikapumua nusunusu. Nilipokunja hema ilibidi nikae chini mara mbili. Nikakohoa kwenye leso, nikaona makohozi yana uzi mwekundu. Mimi ninayepiga kelele nikiona kipele, nilikunja leso ile nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa miwani. Nilijiambia labda safari hii wao ndio wako sawa, labda hofu ndiyo inayonibana kifua, maana hofu nayo hubana kifua, hilo nalijua vizuri.

Tukaanza safari. Baada ya muda moyo ulikuwa ukipiga hadi naona mapigo machoni. Vidole vikafa ganzi. Nikamwambia mgongo wake, "Simama."

"Kijiji kile pale," akasema. "Tukifika tutapumzika."

"Nyabuto, simama. Sipati hewa."

"Ni wasiwasi, Kemu. Pumua polepole. Kijiji kile pale, wewe kanyaga tu."

Nilitafuta breki. Nilijua hazipo, lakini vidole vilizitafuta kwenye vishikio vile. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wake, shati la manjano, jasho limechora ramani. Miguu yangu ilikuwa inazunguka. Dunia ikaanza kuingia giza kutokea pembeni. Ndipo nilipofanya kitu ambacho sikukifikiria hata kidogo, labda cha kwanza maishani mwangu. Nikachomoa miguu kwenye pedali, nikautupa mwili wangu wote upande wa kulia, kwenye majani. Baiskeli ikaja nami. Nyabuto akaja na baiskeli. Tulianguka wote watatu.

Kilichofuata nakijua vipande vipande. Wazungu wawili wazee waliokuwa nyuma yetu na baiskeli zao waliita ambulensi. Nyabuto alikuwa amepiga magoti, goti lake linavuja damu, amenishika kichwa, anasema jina langu lote, na uso wake ulikuwa wa muuguzi sasa, lakini amechelewa. Wakanipeleka hospitali Linz. Daktari alikuwa mama wa makamo aliyezungumza Kiingereza cha taratibu. Aliubonyeza mguu mara moja, akaninyooshea kidole nisishuke kitandani hata kwenda msalani, nikasukumwa hadi kwenye mashine. Aliporudi alituonyesha picha. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa wa mguu, vipande vimekatika, vimepanda hadi kwenye mapafu yote mawili.

Akauliza kama kuna mtu ameuchua mguu huu. Mimi nilikuwa na barakoa ya oksijeni. Nikamtazama Nyabuto. Akasema, "Kidogo." Daktari akamwambia kwamba mguu uliovimba upande mmoja, wenye joto, wa mwanamke anayemeza vidonge vile na aliyetoka kwenye ndege, haukandwi. Akamuuliza anafanya kazi gani. Nyabuto akamwambia. Yule mama akavua miwani yake akaifuta muda mrefu.

Walinidunga sindano tumboni mpaka tumbo likawa na madoa ya bluu na njano. Hedhi ilipokuja, kwa sababu ya dawa ile ya kulainisha damu, ilikuja kama bomba limepasuka, wakalazimika kunibadilishia shuka kama mtoto. Nilijifunza kupumua tena kwa kupuliza kwenye kijibomba chenye mpira ndani, niunyanyue kwa pumzi. Siku za mwanzo haukutikisika. Nyabuto alinilisha, aliniogesha, alilala kwenye kiti. Siyakatai hayo. Lakini jioni moja, nikiwa bado na barakoa usoni, aliniinamia akasema, "Tukifika nyumbani, mambo ya kukanda tusiyaseme. Unajua watu. Na leseni yangu." Akachukua kimya changu kuwa ndiyo, akanibusu paji la uso.

Kumbe alikuwa amekwisha kupiga simu. Tulipofika Eagan, hadithi ilikuwa imetutangulia, imekomaa. Akina mama walijaa sebuleni na vyungu, wakanisimulia ugonjwa wangu mwenyewe: nilizimia juu ya baiskeli, Nyabuto akahisi kwamba mke wake hakanyagi, akaisimamisha baiskeli, akanidaka, akanipa huduma ya kwanza. "Mungu alikupa nesi ndani ya nyumba," Shangazi Bosibori akasema, akanisukumia sahani iliyojaa chinsaga, mboga ya majani ya kwetu. "Kula mboga, mama. Inaongeza damu."

Dawa yangu haikupatana na mboga za majani zikizidi, hilo lilisemwa kwenye kliniki ya Saint Paul nilikokuwa napimwa damu, na yeye kama muuguzi alilijua zaidi yangu. Nikairudisha sahani mbele yake, taratibu.

"Damu ninayo, Shangazi. Shida ni kwamba iliganda."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Hapo ndipo nilipoonja kisasi kwa mara ya kwanza, nacho kilikuwa kitamu kuliko chinsaga.

Kupona kulichukua majira yote ya baridi. Nilitembea kwenye korido ya jengo letu kutoka lifti hadi dirisha la mwisho, nikiegemea ukuta. Nilivaa soksi ndefu za kubana ambazo kuzivaa tu kulinitoa jasho. Nilipanda basi kwenda kupimwa, nikitazama theluji, nikihesabu pumzi kila kituo kama mtu anayekagua mizigo. Usiku nilishtuka nikidhani kisu kimerudi ubavuni. Hakikuwa kimerudi. Kilichokuwa ubavuni ni ile sentensi: nikaisimamisha baiskeli. Aliisema kwenye ibada ya nyumbani. Akaisema kwenye matanga ya mtu, akimpa moyo mfiwa. Kila alipoisema iliongezeka kitu kidogo, mpaka nikaona kwamba ameanza kuiamini, na hilo ndilo lililoniumiza. Kama angekuwa anadanganya ningekuwa na mume mwongo anayejua ukweli. Huyu hakuwa nao tena. Aliyebaki nao ni mimi peke yangu, na mimi ni mtu wa miwani. Nani angeniamini?

Nilitunga visasi vingi kitandani. Kumwacha. Kuiandikia bodi inayotoa leseni za wauguzi, barua nikaikamilisha kichwani hadi sahihi. Kumkanda, yeye, usingizini, kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu. Kila kisasi nilikifuata hadi mwisho wake kama ninavyofuata kila kitu, na mwisho wa kila kimoja nilimkuta yeye ameharibikiwa na bado haamini. Sikutaka aharibikiwe. Nilitaka ajue.

Jumapili ya shukrani ilifika theluji ilipoanza kuyeyuka. Tulivaa kitenge cha rangi ya machungwa, yeye shati, mimi gauni. Kwetu mume ndiye anayetoa ushuhuda wa nyumba. Kisha kipaza sauti hupewa mke, naye husema, Mume wangu amemaliza yote, mimi nashukuru tu. Hakuna anayemfundisha. Nyabuto alisimulia vizuri. Alipofika kwenye baiskeli, alinyoosha mikono mbele, akaminya breki hewani. Watu wakapiga makofi. Kisha akanipa kipaza sauti.

Nikasema, "Mume wangu hajamaliza yote."

Sauti yangu ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. Nikaeleza mguu, kamba ya kiatu, karatasi ya dawa. Nikatoa simu kwenye mkoba. Sauti ya simu nilikuwa nimeipandisha hadi mwisho tangu asubuhi, na nilikuwa nimeijaribu mara kadhaa bafuni. Nikaisogeza kwenye kipaza sauti, na kanisa zima likamsikia Shangazi Bosibori, kutoka spika zote nne: "Mkande kwa nguvu, kutoka chini kwenda juu, mpaka kile kitu kiachie."

Muuguzi mmoja kwenye kwaya aliweka mkono mdomoni. Alikuwa ameelewa. Kisha mwingine, kisha safu nzima ya akina mama waliovaa vizuri, wote waliowahi kusoma somo hilo na kulifanyia mtihani.

"Kiliachia," nikasema. "Kikaenda kwenye mapafu. Na baiskeli hakuna aliyeisimamisha. Niliomba isimamishwe, nikaambiwa ni wasiwasi. Niliiangusha."

Mchungaji akasema tuombe. Katikati ya maombi Shangazi aliinuka, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaenda jikoni. Baadaye alinisubiri mlangoni.

"Umenivua nguo mbele ya watoto niliowalea," akasema.

"Mimi nilivuliwa pumzi, Shangazi."

Hatujasalimiana vizuri mpaka leo. Nasikia siku hizi kwenye kundi la simu akitumiwa picha ya mguu anaandika neno moja: hospitali. Sitasema sifurahii.

Njiani kurudi Eagan Nyabuto aliendesha gari hadi tulipovuka mto. Kisha akasema, "Ungeniambia nyumbani."

"Nilikuambia barabarani," nikasema. "Nilisema simama."

Aliwasha taa ya pembeni, akatoa gari njiani, akalia huku malori yakitupita. Sikumgusa. Nilikitaka kile kilio, nikakiacha kiishe chenyewe. Tangu siku hiyo hajaisema tena ile sentensi.

Mchungaji alikuja kuuliza kama nimesamehe. Nikamwambia bado nafikiria, naye ananijua, mimi hufikiria polepole.

Kwako unayesoma ukiwa na mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, wenye joto, au pumzi inayochoma: usikandwe. Usitume picha kwa ndugu. Nenda hospitali leo, hata kama umewahi kwenda bure mara kumi. Kwenye ndege waamshe waliolala, watalala tena. Mtu mwenye wasiwasi naye huugua, na siku anayougua kweli huwa hana shahidi isipokuwa mwili wake. Namshukuru Mungu kwa wale wazee wawili wa baiskeli ambao sikujua majina yao, kwa yule daktari wa Linz aliyeifuta miwani yake badala ya kumtukana mume wangu, na kwa majani mabichi ya ukingo ule, yaliyokuwa laini.

Daktari wa Saint Paul alinisimamishia dawa, akaniruhusu baiskeli. Vidonge vile sikuvigusa tena. Siku hiyohiyo niliiteremsha baiskeli gerejini, nikachukua spana, nikakishusha kiti cha mbele hadi kikafika kimo changu. Nikakipandisha cha nyuma. Nyabuto alinikuta nikikaza skrubu. Alisimama pale na funguo za gari mkononi, akatazama viti vile.

"Pedali za nyuma zinabana vidole," nikamwambia. "Utazoea."

Tukarudi Danube. Kwenye ndege nilimwamsha yeye na jirani yake kila nilipotaka. Tukaanzia Passau, mimi mbele. Mahali penyewe nilipajua kwa miti na kwa jinsi mto unavyojikunja, na kile kijiji kilionekana mbele, kanisa lenye mnara kama kitunguu. Nilikuwa nimejiandalia maneno mwaka mzima. Nilijua kwamba akisema chochote nitamjibu, kijiji kile pale, wewe kanyaga tu, na nitakanyaga, na miguu yake itazunguka, atake asitake.

Nilihisi vishikio vya nyuma vinatikisika, vidole vyake vinatafuta kitu kisichokuwepo. Kisha nikasikia sauti yake, nyembamba, nyuma ya mgongo wangu.

"Kemu. Simama."

Nilikuwa na maneno yangu mdomoni. Nikayameza. Nikaminya breki zote mbili, na baiskeli ikasimama hapohapo, na mizigo yake yote, kabla hata ndege aliye kwenye majani hajaruka.

Nikageuka nikamtazama.

"Umeona?" nikamwambia. "Ilikuwa rahisi hivyo."